Sarara Iliyopumzika

Hadithi iko mlangoni!
Ifungulieni iingie!
Imekuja mbichi!
Ilete, chumvi tunayo!

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana vikaango vilikuwepo, aliishi Nguchiro na mkewe, Bi Mashavu. Nguchiro mnamjua: kamnyama kembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Kwa mwili hakuwa kitu. Kwa maneno alikuwa mkubwa kuliko tembo, na maneno hayo yalikuwa yamemtia matatani mara nyingi, yeye na nyumba yake. Ndiyo maana Bi Mashavu alipojifungua, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita mumewe na kumwapisha.

"Mpaka nitoke arobaini," akasema, "sitaki uongo katika nyumba hii. Mtoto akiusikia atakua nao. Ukidanganya hata mara moja, nachukua mwanangu narudi kwetu."

Nguchiro akaapa. Kiapo kilimuuma, kwa sababu uongo ndio uliokuwa jembe lake, lakini alimpenda mkewe na mtoto alikuwa wa kwanza. Akaapa.

Sasa mzazi lazima ale. Bi Mashavu alikuwa amepungukiwa maziwa, mtoto akilia nyee, nyee, nyee kutwa nzima, na jikoni hamna kitu ila mende wa kukaanga. Nguchiro akaona mambo hayaendi. Akafunga safari mpaka kwa Simba, akamtoa kupe wote waliomjaa masikioni, na Simba, ambaye kwa kawaida hana mazoea ya kushukuru, siku hiyo alilala vizuri akamkatia kipande cha sarara ya nyati. Sarara ni ule mnofu laini wa mgongoni, hauna mshipa, hauna ubishi. Nguchiro akakibeba kichwani mpaka nyumbani.

Kupika alikujua. Zamani alikaa chini ya kabati la jikoni katika hoteli moja ya watalii, na kazi yake ilikuwa kuiba, lakini mtu akiiba mahali pamoja kwa muda mrefu hatakosa kujifunza kitu. Aliwaona wapishi wanavyopika steki, akashika kila hatua. Basi akatandika kitambaa safi, akaweka nyama, akaanza kuikausha maji taratibu, pu, pu, pu.

"Hodi."

Nguchiro akajua ni nani kabla hajageuka. Alikuwa Fisi.

Huyu Fisi alikuwa jirani wa kila mtu. Ukipika kwako, yupo. Akipika mwenzako, yupo. Na msiba ukitokea ndiyo kabisa, hakukosa matanga hata mara moja. Ila hakuwahi kulia wa kwanza. Desturi ya kijiji kile ni kwamba nyumba iliyopigiwa ukunga, kile kilio cha msiba, huzima jiko, na aliyepiga ukunga kwanza ndiye anayeleta chungu cha kwanza pale. Fisi aliijua desturi hiyo vizuri sana. Kwa hiyo alisubiri wengine walie, ndipo na yeye akafuata na machozi yake na bakuli.

"Nasikia harufu ya nyama," akasema Fisi.

"Ni nyama," akasema Nguchiro.

"Ya nani?"

"Ya mzazi."

Fisi akacheka. Akasema mzazi ni mmoja na mgeni ni mmoja, na kama ni kupima, mgeni ndiye mkubwa. Akaingia, akakaa, mkeka wote ukaisha. Akasema iletwe hivyo hivyo.

Nguchiro aliogopa. Siku nyingine angesema nyama hii ina sumu, au ina jini, au ni ya Simba na Simba yuko nyuma ya nyumba. Maneno yote hayo yalimjia mpaka kwenye meno. Lakini nyuma ya pazia Bi Mashavu alikuwa amelala na mtoto, na masikio yake hayakulala. Nguchiro akayameza moja moja.

"Mbichi unakula kila siku, Bwana Fisi," akasema. "Ikipikwa inavyotakiwa inakuwa kitu kingine."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Fisi hakuwahi kula sarara iliyopikwa inavyotakiwa. Akafikiri, udenda ukamtoka, akasema basi ipikwe, lakini upesi.

Nguchiro akaendelea kuikausha. Pu, pu, pu.

"Tayari?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado kukauka. Ikiwa na maji itachemka, haitakaangika."

Nguchiro akanyunyiza chumvi huku na huku, akaiacha.

"Tayari?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado chumvi kuingia."

Nguchiro akateleka kikaango, akapuliza moto, fuu, fuu, akangoja mpaka chuma kikaanza kufuka moshi.

"Tayari?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado kikaango kukasirika."

Ndipo akaiweka nyama. Chwaaaa! Fisi akaruka akapiga kichwa kwenye boriti. Harufu ikajaa nyumba, ikatoka dirishani, ikapita kwa majirani. Fisi alitaka aichokonoe kwa kidole, Nguchiro akamwambia usiiguse, ikishika rangi itajiachia yenyewe. Na kweli ikajiachia. Akaigeuza mara moja tu, chwaaa, akatia samli na vitunguu saumu vilivyopondwa, akawa anaimwagia samli ile kwa kijiko, mgongo mpaka tumbo, mgongo mpaka tumbo. Fisi alikuwa analia kimoyomoyo. Kungoja kama kule hakukuwa kumewahi kumpata tangu azaliwe.

Nguchiro akaiepua, akaiweka kwenye sahani, akaifunika kwa kifuniko cha sufuria. Fisi akafungua kinywa.

"Tayari?"

"Bado."

"Bado nini tena?"

"Bado kupumzika."

Fisi akamtazama. "Nyama ipumzike? Imefanya kazi gani?"

"Imetoka motoni," akasema Nguchiro. "Wewe ukitoka mbio, ukakatwa hapo hapo, damu si itaruka yote?"

"Itaruka."

"Na ukikatwa umetulia?"

Fisi akakiri kwamba itatoka polepole. Akaona neno hili lina akili, ingawa hakupenda mfano wenyewe. Nguchiro akamweleza kwamba nyama nayo ni hivyo hivyo: ukiikata upesi utamu wote unamwagikia kwenye sahani, ukiiacha unarudi ndani. Kisha akasema kwamba Bwana Fisi amengoja sana, macho yamekuwa mekundu, na huo mkeka ameshaukalia.

Fisi si mjinga kiasi hicho. Akasogeza uso karibu na Nguchiro.

"Nikilala, hutaila?"

Nyuma ya pazia Bi Mashavu akaacha kumbembeleza mtoto. Nguchiro akisema ataila, nyama imekwenda. Akisema hataila kisha akaila, mke amekwenda.

"Mimi?" akasema. "Sitaitia kinywani. Hata maji yake sitaonja."

"Na ukionja?"

"Unile mimi."

Fisi akaridhika, maana kwa hesabu yake yote mawili yalikuwa chakula. Akajinyoosha. Korrr, korrr, akalala.

Nguchiro akangoja nyama ipumzike kweli, maana alikuwa ameshasema inapumzika. Ndipo akaifunua. Akaikata kukingama na nyuzi zake, vipande vyembamba, katikati vyekundu kidogo, akavipitisha na sahani yake chini ya pazia. Bi Mashavu akavipokea. Akala. Akala kipande, akafumba macho, akala kingine. Nguchiro alikuwa na njaa tangu jana. Maji ya nyama yalimtiririkia kidole, kikang'aa mbele ya pua yake, na mkono ukaanza kupanda wenyewe. Akaushusha. Akakifuta kidole kwenye jivu la jikoni, akageukia ukutani mpaka sahani ikarudi tupu. Akaifunika tena kwa kifuniko chake.

Jua lilipoanza kuinama Fisi akaamka.

"Tayari?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Nguchiro hakusema bado. Aliinamisha kichwa.

"Tayari, Bwana Fisi. Imepumzika."

Fisi akafunua. Sahani ikamtazama.

Akamshika Nguchiro shingoni. "Fungua kinywa." Akanusa, nus, nus, nus. Mende wa jana. Akanusa vidole. Jivu. Akanusa masharubu. Hakuna.

"Hukula," akasema Fisi, na sauti ilikuwa imeanza kukatika.

"Sikula."

Macho ya Fisi yakaenda kwenye pazia. Akaelewa. Lakini chumba cha mzazi mwanamume mgeni haingii kabla ya arobaini, hata awe na meno gani. Hapo ndipo ule usingizi, ile harufu, na kungoja kote kukamjia kwa pamoja. Akaweka mikono kichwani.

"Uuuuwi! Sarara wangu! Mimi nimelala, kumbe Sarara wangu kapumzika! Uuuuwi!"

Alikuwa ameipenda nyama ile mpaka ikawa mtu.

Majirani wakaja mbio. Mbele yao alikuwa Mama Kanga, jirani wa ukuta mmoja, mama mwenye madoadoa na mwenye kushika desturi za kijiji kuliko waliozitunga. Nyuma yao, kwa bahati mbaya ya Fisi, alikuwepo Tembo, asiyemvumilia mtu anayemwonea mzazi.

Mama Kanga akauliza ni nani amelia kwanza.

"Bwana Fisi," akasema Nguchiro.

"Na huyu Sarara alikuwa nani wake?"

Nguchiro akafikiri kidogo. "Walikuwa karibu sana. Amemngoja tangu mchana."

"Yuko wapi sasa?"

"Ndani, kwa mzazi. Wameshakuwa kitu kimoja."

Majirani wakainamisha vichwa. Nguchiro akachukua kata ya maji, akazima jiko lake, pshhh, kwa sababu ukunga ulikuwa umepigwa nyumbani kwake na desturi ni desturi.

Fisi akajikaza akasema, jamani, kama ni hivyo yeye ndiye mfiwa, yeye ndiye wa kuletewa. Mama Kanga akamjibu kwamba ukunga hauulizwi ni wa nani, unaulizwa umepigwa wapi. Umepigwa hapa, na hapa kuna mzazi na jiko limezimwa, basi chungu cha kwanza kije hapa.

Fisi akatazama watu. Alikuwa na neno moja la kumwokoa, nalo ni kusema kwamba Sarara ni nyama. Lakini angeulizwa nyama ya nani, na angejibu ya mzazi, mbele ya Mama Kanga na mbele ya Tembo. Akalifunga kinywani. Akaenda pangoni kwake, alikoficha paja la kulungu, na majirani wakamsikia akilipika. Alilikausha maji, pu, pu, pu. Alilitia chumvi. Alikingoja kikaango kikasirike. Chwaaaa! Aligeuza mara moja tu. Mapishi alikuwa ameyashika yote, na mtu akimfundisha mwenzake kupika ni jambo jema.

Akaleta sahani, inafuka moshi. Mama Kanga akamwambia aiweke chini ipumzike kidogo.

"Isipumzike!" akapiga kelele Fisi. "Kuleni! Isipumzike hata kidogo!" Akakimbia, na hajaacha kukimbia.

Ndiyo maana mpaka leo Fisi anakula nyama upesi, mbichi, na mfupa wake, hataki ipumzike mbele ya macho yake. Na akitaka kulia analia kwa mbali, porini, asije akaulizwa nani amelia kwanza.

Nguchiro akala. Bi Mashavu akala tena. Mtoto akashiba maziwa, nyee ikaisha. Walipobaki peke yao, Nguchiro akajikohoza nje ya pazia, akataka kujua kama mkewe anarudi kwao.

"Nilisikiliza kila neno," akasema Bi Mashavu. "Hukudanganya hata mara moja."

"Hata mara moja, mke wangu."

"Basi endelea kusema kweli." Akamgeuza mtoto upande wa ukuta, akamziba sikio. "Lakini usiseme mbele ya mtoto."

Na fundisho lake, enyi wasikilizaji, ni kwamba kusema kweli kuna faida. Nguchiro alisema kweli kutwa nzima, mke akabaki, mtoto akanyonya, na paja likaja lenyewe. Semeni kweli. Na mgeni akija mmejiandalia steki, mpisheni alale kwanza, ndio ukarimu.

Hadithi yangu imeepuliwa!
Ifunikeni!
Tuifunike ya nini?
Ipumzike, mgeni amelala!