Bi Siwatu na Maji ya Mlimani

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, na aliye nyuma asikie.
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla babu za babu zetu hawajaota meno, palikuwa na mji wenye mitaa miwili. Mlimani alikaa Jumbe na matajiri wenzake, katika nyumba za mawe. Bondeni walikaa wale waliozijenga nyumba hizo: wachonga mawe, wapagazi, wapishi, wafua nguo. Wao walilala katika vibanda vya udongo.

Mvua ikinyesha, watu wa Mlimani walizibua mfereji wao. Maji ya vyooni, maji ya jikoni, maji ya mazizini, yote yakateremka. Chwaa, chwaa, chwaa. Yakaingia Bondeni, yakapanda mpaka vitandani. Watu wa Bondeni wakaenda kulalamika. Jumbe akawaambia maji hayana macho, hushuka yenyewe. Ikaja mvua nyingine. Chwaa, chwaa, chwaa. Wakaenda tena. Safari hiyo hawakufunguliwa hata mlango.

Mwaka mmoja masika yakaja na nguvu. Mtoto wa Mkufya, mchonga mawe, akaumwa tumbo, akaharisha, akafa. Waliporudi kutoka kumzika, vijana wakashika mienge. Mkufya alikuwa mbele. Wakasema leo Mlimani kutawaka moto.

Njiani wakamkuta Bi Siwatu. Alikuwa kikongwe, mfinyanzi wa vyungu. Hakujaliwa mtoto, lakini Bondeni nzima ilimwita bibi. Akamshika Mkufya mkono.

"Mjukuu wangu, ukichoma nyumba moja, watakuja kuchoma mtaa mzima. Na maji yatabaki palepale."

"Sasa bibi, tunyamaze?"

"Nani kasema tunyamaze? Tunahama. Kabebe kitanda chako."

Wakabeba. Vitanda, mikeka, vyungu, kuku, mbuzi, watoto mgongoni. Wakaupanda mlima, tu-tu-tu, tu-tu-tu. Wakaujaza ua wa Jumbe, wakaijaza na njia. Wakatandika mikeka barazani. Wakainjika sufuria za uji. Mbuzi wakaanza kula maua ya mke wa Jumbe.

Jumbe akatoka, akataka kujua wamefuata nini.

"Kwetu kumejaa maji yenu, Jumbe," akasema Bi Siwatu. "Tumekuja kukaa pakavu. Hatupigani, hatuondoki."

Jumbe akawaita askari. Mmoja akainua rungu, akampiga Bi Siwatu mkononi. Kwa! Mfupa ukavunjika.

Vijana wakainuka wote. Mkufya alikwisha kuokota jiwe. Bi Siwatu machozi yalimtoka kwa maumivu, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Kaeni," akasema.

Mkufya akamtazama yule askari. Akalitazama jiwe. Kisha akaliweka chini, akakaa ubavuni mwa bibi. Wote wakakaa. Hatupigani, hatuondoki.

Nao wale askari walikuwa wazaliwa wa Bondeni. Yule aliyepiga akamwona mama yake mzazi mkekani, anamtazama tu. Akalishusha rungu. Hakuna askari aliyeinua jingine.

Wakakaa. Jua likawachoma, wakakaa. Mvua ikawanyeshea, wakakaa. Na huko majumbani hakuna aliyepika, hakuna aliyefua, hakuna aliyezoa taka. Mlimani kukaanza kunuka. Matajiri wakamgeukia Jumbe, wakamlaumu.

Mwisho Jumbe akamwita Bi Siwatu, akamwuliza anataka nini. Bi Siwatu akasema mfereji ugeuzwe, uelekee korongo la nyuma lisilokaliwa na mtu. Lakini njia ya huko ilipita katikati ya shamba la migomba la Jumbe.

"Shamba lile aliniachia baba yangu," akasema Jumbe.

"Na Mkufya, yeye kaachiwa nini?"

Jumbe akaagiza mapanga yanolewe. Asubuhi yake migomba ikaanguka, puu, puu, puu. Bi Siwatu akashikilia kwamba Mlimani nao wachimbe. Wakachimba, viganja vikiwatoka malengelenge. Mvua iliporudi, Bondeni watu walilala pakavu.

Mkono wa Bi Siwatu haukunyooka tena, wala hakufinyanga tena chungu. Mkufya ndiye aliyemlisha mpaka alipozikwa.

Basi ninyi mnaonisikiliza: ukionewa, usinyamaze. Lakini hasira yako usiirushe ovyo. Kaa nayo pamoja na wenzako, mahali ambapo anayewaonea hawezi kupita bila kuwaona.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimeitua, nanyi ibebeni.