Picha Iliyotundikwa Ofisini

Kiwanda cha Upinde kilitengeneza filamu za kamera, zile za rangi, na kwa miaka thelathini hakikuona mshindani. Katika picha zake kitenge kilitoka kitenge. Uso mweusi ulitoka na weusi wake wenyewe, haukugeuka masizi.

Siwema ndiye aliyesimamia chumba cha kupaka filamu dawa ya kunasa picha. Humo mlikuwa giza totoro, maana mwanga kidogo tu ungeziharibu, kwa hiyo kila aliyetembea alitaja jina lake asije akamvaa mwenzake. Watu sitini walilisha familia zao kwa giza hilo.

Kisha zikaja kamera zisizotumia filamu. Majina yaliyosikika gizani yakabaki ishirini.

Siwema akamwendea mwenye kiwanda, Mzee Mwinchande.

"Mzee, nasi tutengeneze hizo kamera. Nipe chumba kimoja tu nijaribu."

"Vitu vya kuchezea hivyo, Siwema. Vina rangi kama zetu?"

"Havina. Lakini mtu anajiona hapo hapo."

"Ana haraka ya kwenda wapi?"

Hata hivyo Mzee akakubali jaribio: harusi ya binti yake, Jumamosi, ipigwe picha kwa kamera za aina zote mbili. Filamu ikishinda, mjadala ufungwe.

Jumatatu Siwema akampelekea picha za filamu alizoziosha asubuhi hiyo. Zilipendeza mno, hina ya bibi harusi ungedhani utainusa. Ila Mzee mwenyewe, katika kila picha, alikuwa amefumba macho.

"Umeona rangi hizo?" akasema Mzee. "Tumeshinda. Kawaambie wenzako hapa hatutengenezi vya kuchezea."

Siwema akainua macho. Ukutani palikuwa na fremu mpya: Mzee na binti yake, macho wazi, meno yote nje.

"Na ile nayo nzuri, Mzee. Imeoshwa wapi? Filamu zote ninazo mimi."

Mzee akakohoa.

"Nilijiona nimefumba macho, nikamwambia mpiga picha arudie. Mara nne." Akashusha sauti. "Usiwaambie wafanyakazi."

Siwema aliwaambia siku hiyo hiyo, watafute kazi nyingine mapema. Mwaka haukuisha kiwanda kikafungwa, na aliyeshangaa alikuwa Mzee peke yake.

Funzo: Ukianza kukificha unachokipenda ili uendelee kusifia unachokiuza, wateja wako wameshaondoka, ni wewe tu hujapata habari.