Dawa ya Maharage ya Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na kila mmoja akijua jirani anapika nini, kulikuwa na bonde lenye miti tele. Tembo na Nyati wakalimaliza kwa kupika maharage.

Ndiyo, wanangu, maharage. Msicheke. Walikuwa wakiyatia chunguni yakiwa makavu kama changarawe, chungu hawakifuniki, halafu wanasukumia chini yake gogo bichi linalotoa moshi wa kuliza mji mzima. Asubuhi mpaka jioni moto unawaka, fu fu fu, na maharage yako vilevile, ukitafuna ko! Basi wanarudi kung'oa mti mwingine. Waling'oa migunga, waling'oa mikunazi, na hawakupanda hata mche mmoja. Ukabaki mkwaju mmoja tu.

Ndani ya tundu la mkwaju huo aliishi Bi Kindi na watoto wake wachanga, ambao hata macho walikuwa hawajafungua.

Siku moja Kindi akasikia mti unatikisika, tiki tiki. Akachungulia. Tembo ameegemeza bega kwenye shina, anapima. Nyati amesimama kando na kamba ya kufungia kuni.

"Kindi, siku hizi hata shikamoo hakuna?" Tembo akauliza.

"Shikamoo nimpe mtu anayekuja kunivunjia nyumba?"

"Hamisha watoto. Kuni zetu zinakaribia kwisha, na zikiisha tunaung'oa huu."

"Nihamie wapi, Mzee Tembo? Nionyeshe mti mwingine hapa bondeni, nami nafunga mizigo sasa hivi."

Tembo akatazama huku, akatazama kule. Hakuona mti. Haya pia hakuona.

Kindi alikuwa na hasira, ila akajikaza, akasema nao kiungwana. "Jirani zangu, mnachokosa si kuni. Lowekeni maharage tangu jioni. Asubuhi myamwage maji yale, mtie mengine, mfunike chungu, mpike kwa vijiti vikavu. Yataiva upesi na mti utabaki."

Nyati akacheka mpaka kamba ikamponyoka. "Kuloweka? Hicho ni chakula cha wagonjwa. Mimi na pembe zangu hizi nile maharage yaliyolala majini?"

"Na vijiti ndivyo vipike chungu changu mimi?" Tembo akadakia. "Kindi, wewe lea watoto. Mambo ya jiko la wakubwa huyawezi."

Wakaenda zao kwa kishindo, ti ti ti.

Kindi akabaki amefura. Lile bega la Tembo lilimtisha, lakini kicheko chao ndicho kilichomuuma. Majitu mazima yana nguvu za kung'oa mti, ila hayana muda wa kumimina maji kwenye maharage! Na kwa uvivu wao, watoto wake walale wapi?

"Haya," akasema moyoni. "Neno la kupewa bure hamlitaki. Mtalitaka la kunyimwa."

Jioni akaloweka maharage yake. Asubuhi akainjika chungu chini ya mkwaju, pale pale Nyati anapopita kwenda mtoni. Akatia vijiti vichache, akafunika. Nyati akapita. Aliporudi kutoka mtoni, harufu ikamsimamisha njiani.

"Kindi, si nimekupita sasa hivi unawasha moto?"

"Mimi? Hata." Kindi akakikinga chungu kwa mkia wake.

"Hayo yameiva."

"Hayajaiva. Na hata kama yameiva, hakuna dawa yoyote niliyotia. Nenda zako."

Masikio ya Nyati yakasimama. "Dawa?"

"Nimesema hakuna."

Wanangu, Nyati alitoka mbio, puru puru puru, akamleta Tembo. Tembo akanusa chungu, akatazama vile vijiti, akainama mpaka magoti yakagusa chini.

"Shikamoo, Bi Kindi," akasema kwa sauti laini.

Kindi aliitikia bila kumtazama. "Msijisumbue. Hiyo ni siri ya ukoo wetu."

Wakambembeleza. Wakaapa hawatamwambia mtu. Mwishowe Kindi akashusha pumzi kama aliyeshindwa, akawaita karibu.

"Dawa hii ina miiko," akanong'ona. "Jioni yazamisheni maharage majini, myaache yalale. Asubuhi maji yale myamwage, mtie mapya. Chungu kifunikwe, na atakayefunua ovyo kuchungulia, nguvu inatoka. Na kuni ziwe vijiti vikavu vilivyoanguka vyenyewe. Mti uliong'olewa una kinyongo, maharage yatagoma."

Wale wale waliocheka wakayashika hayo neno kwa neno. Maharage yakaiva, laini kabisa. Tangu hapo ikawa kila asubuhi Tembo anaokota vijiti chini ya mkwaju kwa ncha ya mkonga, na Pundamilia alipokuja na shoka, Nyati alimfukuza mpaka ng'ambo ya mto.

Lakini siri ikamwasha Tembo mdomoni. Akamsimulia mke wa Ngiri. Mke wa Ngiri akamkodolea macho. "Mzee Tembo, hiyo si kuloweka tu?"

Tembo akaja mkwajuni amevimba, Nyati nyuma yake, na majirani nyuma ya Nyati.

"Umetudanganya," akanguruma. "Hakuna dawa wala siri ya ukoo."

Safari hii Kindi hakunong'ona. Alishuka mpaka tawi la chini, uso kwa uso na lile jitu.

"Ndiyo, nimewadanganya. Niliwaambia kweli mchana kweupe, mkanicheka. Watoto wangu walikuwa watupwe nje kabla hawajafungua macho, eti kwa sababu wakubwa wanaona aibu kuloweka maharage. Basi ung'oe mti, si una bega? Ila kwanza uwaambie hawa wote unaung'oa ukafanyie nini, maana chungu chako kiko nyumbani kimeshaiva."

Tembo akageuka, akawatazama majirani. Wote walikuwa wanamngojea aseme.

"Tembo," Nyati akamwambia polepole, "twende, chakula kinapoa."

Wakageuka, wakaenda kula.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu, wanangu: anayedharau jambo dogo la jikoni mwake ndiye anayewamalizia wenzake msitu.