Mwenye Mzoga Ndiye Mwenye Neno

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiwe, pakawa mwiba, pakawa sikio lenye kishungi cheusi. Sogeeni karibu na moto. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, chini ya mlima wa mawe, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama na wafugaji wa mbuzi. Katika kijiji hicho alikaa mwanamke kijana, mwenye haya, jina lake Nyemo.

Aliyempa Nyemo kwanza habari ya sauti ya mlimani alikuwa wifi yake, Mbeleje, dada wa mumewe. Siku hiyo walikuwa wanatwanga, kinu kimoja, michi miwili.

"Wifi," alisema Mbeleje, "kule kwenye mawe kuna kitu kinaita kila jioni. Kinaita kama mtu."

"Kinamwita nani?"

"Ningejua si ningekwenda kumwitia! Mimi nasema ni simbamangu, yule paka mkubwa wa mwituni. Jike. Amebaki mmoja tu mlima mzima. Anakaa peke yake kama mtu fulani ninayemjua."

Nyemo hakucheka. Aliinua mchi, akaushusha, akauinua tena.

Mumewe, Malogo, alikuwa amekwenda kuleta chumvi, mwendo wa siku saba. Alisimama mlangoni na mkoba wake akasema, "Narudi." Tangu siku hiyo mtama ulivunwa mara mbili. Kila jioni Nyemo alisonga ugali wa watu wawili. Nusu alikula yeye, nusu waliikuta kuku asubuhi.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mnyama wa mwituni akiua mbuzi, mzoga unabaki kuwa wa mwenye mbuzi, na mwenye mzoga ndiye mwenye neno. Akisema uchomwe, unachomwa. Akisema uliwe, unaliwa. Akisema utiwe dawa, basi huitwa Chidawali, mpika sumu ya mishale, naye huja na chungu chake. Hata Mtemi hana la kuongeza.

Mwaka ule Malogo alipoondoka, mbuzi mmoja wa Nyemo aliuawa. Mtemi alimuuliza neno lake. Nyemo aliona haya mbele ya watu, akatazama vidole vyake vya miguu, akasema, "Tieni dawa," kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema. Wakautia. Kesho yake, chini ya mgunga, walimkuta simbamangu dume amelala na masikio yake marefu yamelegea. Karibu naye walilala fisi watatu. Karibu na fisi walilala tai, wengi, mabawa wazi kama mikeka iliyoanikwa. Watu walicheza ngoma. Nyemo alirudi nyumbani.

Baada ya ngoma ile mambo yaligeuka. Ng'ombe alikufa karibu na kisima, akaoza hapo hapo, maana hapakuwa na fisi wa kumla wala tai wa kumsafisha. Watu waliumwa matumbo. Kisha pimbi waliteremka kutoka kwenye mawe. Waliteremka kumi, wakateremka mia, wakateremka hata mlima ukaonekana unatembea. Nyemo alipowafukuza shambani kwake, pimbi mnene alisimama juu ya kichuguu akamcheka.

"Unatupa mawe, mama? Tupa tu! Aliyekuwa anatula alikunywa chungu cha Chidawali. Kuleni, ndugu zangu, kuleni!"

Nyemo aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni. Hakumwambia mtu.

Basi siku moja alikwenda kuokota kuni. Jua lilikuwa bado juu. Kwenye jiwe bapa akamwona simbamangu, rangi ya udongo mwekundu, kila sikio na kishungi cheusi. Simbamangu aliimba:

"Umemwona wangu, umemwona wangu,
mwenye vishungi vyeusi masikioni?
Alisema narudi, hajarudi."

Nyemo akasema, "Sijamwona." Akabeba kuni zake.

Siku nyingine alikwenda kisimani. Simbamangu alikuwa ng'ambo ya maji, anachechemea, mguu wa mbele umevimba kwa kitanzi cha mtego. Akaimba:

"Umemwona wangu, umemwona wangu,
mwenye vishungi vyeusi masikioni?
Alisema narudi, hajarudi."

Nyemo akasema, "Sijamwona." Lakini safari hii alijitwika mtungi upesi, maji yakamlowesha shingo.

Siku ya tatu alipofungua zizi alfajiri, alimkuta mbuzi wake mweupe amekufa, koo limetobolewa. Alibakiwa na mbuzi wawili. Nyayo kwenye vumbi zilikuwa za miguu mitatu.

Adhuhuri kijiji kizima kilikuwa uani kwake. Chidawali alikuja na chungu, kimefunikwa jani.

Mtemi akauliza, "Mwenye mzoga, neno lako?"

Nyemo alitazama vidole vyake vya miguu.

"Sema utiwe dawa, tuutie," alisema Chidawali. "Mmoja tu huyo. Tukimmaliza tutalala."

Mtemi akauliza mara ya pili, "Mwenye mzoga, neno lako?"

Mbeleje alimfinya Nyemo kiunoni. "Wifi, sema upesi, jua kali hili!"

Mtemi akauliza mara ya tatu, "Mwenye mzoga, neno lako?"

"Mzoga ni wangu," alisema Nyemo, na sauti yake ilikuwa ndogo hata watu wa nyuma wakauliza amesema nini. "Hautiwi dawa."

"Ee!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Mume kamkosa, sasa anafuga simba!"

Watu walicheka sana. Nyemo akangoja wamalize.

"Chidawali," akasema, "shamba lako mwaka huu umevuna nini?"

"Mabua. Pimbi wamekula."

"Zamani nani alikuwa anawala pimbi?"

Chidawali alitazama chungu chake. Juu ya paa la ghala, pimbi mnene alipaza sauti: "Msimjibu huyo! Ana njaa, anaweweseka! Tieni dawa, wazee wangu, tieni!"

Mtemi alimtazama pimbi. Kisha akamtazama Chidawali.

"Rudisha chungu chako nyumbani," akasema. "Neno limetoka."

Watu waliondoka wakinung'unika. Hakuna aliyemsaidia Nyemo kuburuta mzoga. Mbeleje naye aliondoka, akisema, "Wifi, umeniaibisha."

Jua lilipoanza kushuka, Nyemo alikata paja la mbuzi, akapanda nalo kwenye mawe. Simbamangu alikuwa amelala juu ya jiwe bapa, analamba mguu wake.

"Pimbi ni wengi," alisema simbamangu, "lakini kwa miguu mitatu siwapati. Ndiyo maana nilikuja kwako." Kisha akainua kichwa na kuimba:

"Umemwona wangu, umemwona wangu,
mwenye vishungi vyeusi masikioni?
Alisema narudi, hajarudi."

Nyemo aliweka nyama chini.

"Nilimwona," akasema. "Amekufa. Yuko chini ya mgunga, ng'ambo ya korongo. Mzoga aliokula ulikuwa wangu, na neno lilikuwa langu."

Simbamangu hakuruka wala hakunguruma. Masikio yake yalilala nyuma, vishungi vikagusa shingo.

"Mavuno mawili nimeita hapa," akasema. "Nyuma ya mlima nilisikia wengine wanaita. Mbali, lakini nilisikia. Sikwenda. Nilisema, akirudi asinikute, itakuwaje? Wewe ulijua. Ulipita na kuni zako, ukapita na maji yako, na ulijua."

"Nilijua."

"Kumngoja asiyekuja, nani amekufundisha kwamba ni kitu kidogo?"

Simbamangu alikula nyama polepole, akala mpaka mfupa.

"Mguu ukipona nitavuka mlima," akasema.

"Utarudi? Mawe haya yatabaki matupu."

"Nikipata mwenzangu, huenda nikazaa, na watoto hutafuta mahali pa kukaa. Wakija msiwapikie chungu. Lakini mimi sitasema narudi."

Nyemo aliteremka peke yake. Jioni hiyo hakusikia kitu kikiita mlimani. Alisonga ugali wa watu wawili kama kawaida yake, akala nusu, akakaa akiitazama nusu nyingine.

Asubuhi iliyofuata alipima unga wa mtu mmoja. Alikula, akaosha chungu. Akakata miiba ya mgunga, akaupandisha ua wa zizi mpaka usawa wa kifua na kuuezeka miiba juu. Kisha akajitwika kibuyu cha maji, akapita kwa Mbeleje.

"Wifi, nichungie mbuzi wangu wawili. Zizi nimelifunika."

"Wewe unakwenda wapi na kibuyu?"

"Njia ya chumvi."

Mbeleje aliingia ndani, akatoka na viazi vya kuchoma, akamfungia kwenye kanga.

Nyemo alitembea mpaka mji wa kwanza njiani. Mbele ya nyumba alimkuta mzee anasuka kamba. Hakutazama vidole vyake vya miguu. Akasema, "Shikamoo, babu. Umemwona wangu? Alisema narudi."

Ngano yangu imesimama hapo mlangoni kwa yule mzee. Mwenye kujua alichomjibu, ampelekee Nyemo. Mimi nimerudi na kibuyu kitupu.