Nguzo za Mihayo, Udongo wa Nyamizi

Kuna nyumba unaipita imesimama, unaambiwa ya fulani, nawe unaitikia tu. Haya, tulia usome habari ya nyumba moja. Ukimaliza usikae nayo peke yako, mpe na mwenzako, hasa yule asiyechoka kusema "nyumba yangu".

Palikuwa na mwanamume mmoja akiitwa Mihayo, mrina asali, mwenye maneno matamu kuliko asali yenyewe. Alimwoa Nyamizi, binti wa kijiji cha pili, akamleta kwenye kiwanja kitupu pembeni mwa msitu. Kiangazi hicho hicho akakata miti, akasimika nguzo, akafunga fito, akaezeka nyasi. Tusimnyime haki yake, jasho lilimtoka.

Ila alikuwa na haraka. Kwao kule nguzo haiingizwi shimoni hivi hivi. Kwanza mguu wake huchomwa motoni mpaka uwe mweusi, ndipo mchwa wauogope. Nyamizi alipoona nguzo zinashushwa mbichi, akauliza kama moto hautawashwa.

Mihayo akacheka. "Mambo ya miti waachie wanaume, mke wangu. Wewe kandika."

Basi Nyamizi akakandika. Kukandika kule ni kazi ya wanawake na haina mwisho, maana kila masika mvua huosha udongo, na kila kiangazi lazima urudishwe. Alichimba kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, kwa sababu udongo wa kichuguu unashika kuliko mwingine wowote. Akaubeba kwa karai, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, akauchanganya na samadi na majivu, akaupaka ukutani kwa viganja. Alianza kupaka akiwa na mimba ya Milembe. Kisha akapaka na Milembe mgongoni. Kisha Milembe akawa ndiye anayemletea maji. Kisha Milembe akaolewa mbali, mama yake akabaki anapaka peke yake.

Mchwa nao hawakulala. Milembe alipokuwa bado anatambaa, Nyamizi akiwa anasiriba ukuta wa chumbani, aligonga kwa kidole akasikia sauti ya mtungi mtupu. Akagonga mbele kidogo, vile vile. Mumewe aliporudi kutoka kwenye mizinga yake akamweleza kwamba nguzo zinaliwa, watafute miti mingine mapema. Mihayo akaupiga ukuta kofi, akamwuliza kama umetikisika. Haukutikisika. Yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo Nyamizi akabadili mkono. Wenzake walipaka udongo mwembamba wa kuziba nyufa, yeye alipaka mnene, akashindilia kila penye uwazi, akaunenepesha ukuta kwa chini mpaka ukaota tumbo. Viganja vilimpasuka, kucha zikamwisha, mgongo ukaanza kukataa kunyooka. Wenzake walimtania kwamba anajenga gereza la nani. Alicheka nao, kisha akarudi kwenye karai lake, kwa sababu alijua anachokishikilia. Na kama una moyo wa kucheka, cheka hapa: mchwa wale wale waliokula miti ya Mihayo ndio waliomtolea yeye udongo kichuguuni.

Na Mihayo je? Mihayo alikaa barazani. Kila mgeni aliyepita alioneshwa ukuta, ukapigwa kofi, akaambiwa kwamba nyumba hii Mihayo ameijenga kwa mikono yake mwenyewe. Nyamizi alikuwa ndani anapika chakula cha mgeni huyo huyo, anasikia kila neno. Miaka ya mwanzo ilimuuma. Baadaye akayazoea maneno hayo kama unavyomzoea mbwa wa jirani anayebweka.

Sasa ubaya wenyewe. Uzee ulipompigia hodi Nyamizi, Mihayo akaanza kununua vitana. Alikuwa amempata Kabula, msichana wa kuweza kuitwa mdogo wake Milembe. Asubuhi moja, akinywa uji aliopikiwa na Nyamizi, akamwambia kwamba Kabula hataki ukewenza, kwa hiyo yeye ajiandae kurudi kwa kaka yake. Aliongeza kwamba mtungi aliokuja nao wakati wa harusi ni wake, asiuache. Uji akaumaliza wote.

Nyamizi hakupiga kelele. Alikwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kitongoji chao, ambaye ndiye aliyeamua kesi za mashamba na nyumba. Hakutaka Mihayo arudishwe moyo, hilo lilikuwa limeshamtoka. Alitaka nyumba. Hakuwa na kingine duniani, na mikono ya kujenga nyingine hakuwa nayo tena.

Mwanangwa akaitisha watu mbele ya nyumba yenyewe. Wakaja, wanaume mbele wamekalia vigoda, wanawake nyuma wamesimama. Mila yao ilikuwa moja: mwenye nguzo ndiye mwenye nyumba. Kwa hiyo mwanangwa akauliza nani alisimika.

"Mimi," akasema Mihayo, akaupiga ukuta kofi.

Nyamizi akaulizwa kama ni kweli. Akakubali kwamba ni kweli.

"Sasa wewe chako hapa ni kipi?"

"Udongo, mwanangwa."

Wanaume wakaangua kicheko. Mwanangwa naye akacheka, akaona amepata hukumu tamu, ya kusimuliwa hata vijiji vya mbali. Akatamka kwamba haki itendeke basi: Mihayo abaki na nguzo zake, na Nyamizi abebe udongo wake aende nao. Mmoja akajitolea kumwazima karai. Kicheko kikazidi.

Nyamizi aliwangoja wamalize.

"Nimekubali," akasema. "Ila nisije nikabeba cha mtu. Mwenzangu anioneshe kwanza nguzo zake zilipo."

Mihayo akachukua sululu kwa mbwembwe, akapiga pembeni mwa mlango, palipokuwa na nguzo kubwa kuliko zote. Ukuta ulikuwa mgumu, sululu ikadunda, akapiga tena na tena. Alipofika ndani, mkono ukamsimama. Hapakuwa na nguzo. Palikuwa na tundu refu lililobaki na umbo la nguzo, na chini yake vumbi. Akahamia kwenye kona. Tundu. Akabomoa chini ya dirisha, jasho sasa linamchuruzika. Tundu. Nyumba nzima haikuwa na mti mzima ukutani. Miaka yote hiyo ilikuwa imeshikiliwa na viganja vya mwanamke mmoja.

Hakuna aliyecheka tena. Mwanangwa mwenyewe aliinuka, akatia mkono tunduni mpaka kwenye kiwiko, akautoa na konzi ya vumbi.

Hapo wewe unayesoma unaingoja haki. Hata Nyamizi aliingoja. Akathubutu kuutazama ule mlango na kujiambia kwamba usiku ule atalala kwake.

Lakini mwanangwa naye alikuwa na nyumba. Nyumba yake ilikandikwa na mke wake, na mke wake alikuwa amesimama pale nyuma na wenzake, anamkazia macho. Mwanangwa alimwona. Akawaza: leo udongo ukishinda nguzo, kesho mimi nitaitwa nani kwangu? Akakung'uta vumbi.

"Mila haiulizi kama nguzo ipo," akasema. "Inauliza nani aliisimika. Nyumba ni ya Mihayo."

Wanaume wakaitikia kwamba ndivyo. Nyamizi aliwapa mgongo. Aliingia ndani, akatoka na mtungi wake, akauwekea ukuta kiganja mara moja, akashika njia. Kwa kaka yake alipewa kona jikoni, karibu na mafiga. Kaka yake alisema shukrani ya punda ni mateke. Wifi yake alisema jiko lenyewe dogo.

Mihayo alisikia kwenye hukumu ile alichotaka kusikia, akaenda zake kumleta Kabula. Wale waliosimama nyuma walisikia zaidi. Hawakufanya kikao, wala hakuna aliyemshawishi mwenzake. Kiangazi kilipofika, hakuna mwanamke aliyekwenda kichuguuni. Mume akiuliza mbona kuta hazikandikwi, alijibiwa kwa upole kabisa kwamba mwenye nguzo yupo, akandike. Aliyekuwa wa kwanza kujibu hivyo ni mke wa mwanangwa. Kabula naye, ambaye kila mtu alimwona mtoto, aliyatazama yale matundu yaliyotobolewa kwa sululu, yamezibwa kwa magunia, akasema yeye hashikilii nyumba ya mtu. Alikwishaona mwenzake alivyolipwa.

Wanaume wangeweza kukandika, mikono wanayo. Lakini kwao ilikuwa aibu mwanamume kuonekana na udongo viganjani, na aibu hiyo waliijali kuliko kuta zao. Wakawa wanaangaliana, kila mmoja anangoja mke wa mwenzake aanze.

Masika yakaingia na mvua zake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema nani azibe, walidhani inajulikana.

Nyumba ya Mihayo ndiyo iliyotangulia. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, akatoka barazani akaona ufa umepanda mpaka kwenye paa. Akaupiga ukuta kofi kwa mazoea yake. Safari hii ulitikisika. Alipata nafasi ya kuruka nyuma tu, ukuta ukalala, paa likaufuata. Kabula alikuwa ameshaondoka tangu asubuhi na mtungi wake kichwani. Baada ya hapo zikaanza nyingine, moja baada ya nyingine, na ya mwanangwa haikuachwa. Watu walilala chini ya majamvi na watoto wao wanakohoa.

Mihayo akaenda kwa miguu kwenye mvua hiyo hiyo mpaka kwa shemeji yake. Akamkuta Nyamizi jikoni, akachutama mlangoni, maji yanamtiririka.

"Mama Milembe, turudi," akasema. "Nitasimika nguzo upya, na miguu yake nitaichoma. Wewe ukandike. Safari hii itakuwa yako, mbele ya watu wote."

Nyamizi alimnyooshea mikono yake aione. Vidole vilikuwa vimejikunja, havifunguki tena, hata kijiko alikishika kwa shida.

"Yangu ulishaiangusha, Baba Milembe," akamjibu.

Mihayo alipoondoka, wifi wa Nyamizi alishangilia. Akamwambia Nyamizi amshukuru Mungu, adui yake ameaibika, nyumba aliyomnyang'anya imemwangukia. Alidhani anamfurahisha.

Nyamizi aliugeukia ukuta wa jiko, akaililia nyumba ile kama anavyoliliwa maiti. Aliulilia ukuta wa chumbani na tumbo lake, na ule wa upande wa jua alioupaka na Milembe mgongoni. Ilikuwa yake, na ilikufa ikiitwa ya mwingine.

Funzo: Kusimika nguzo ni kazi ya siku, kuishikilia nyumba ni kazi ya maisha. Ukimdhulumu aliyeishikilia, mvua ikija mtalowa wote, na yeye hatakauka kwa sababu umelowa wewe.