Matanga ya Kombo Aliye Hai

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika kwa mafiga na kulala kwenye vitanda vya kamba, Simba alitunga sheria nzuri ajabu. Akaiandika kwenye jabali kwa herufi kubwa: kila mnyama ana haki ya kuishi, ya kusema na ya kunywa maji. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuisoma, wakasema, "Lo! Hawa wenzetu wameendelea."

Chini yake, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, aliongeza: isipokuwa Simba akikasirika.

Na ili haki hizo zilindwe, akaunda Tume ya Haki za Wanyama. Mwenyekiti nani? Fisi! Ndiyo, Fisi huyuhuyu mnayemjua. Mkicheka, chekeni polepole, maana siku zile wanyama watatu wakicheka pamoja ulikuwa mkutano, na mkutano bila kibali ni kosa. Waliruhusiwa kukusanyika msibani tu, kwa sababu Simba alipenda kuhutubia misibani na Fisi alipenda kula huko.

Basi, kulikuwa na pimbi mmoja, Bi Mashavu, mwili kiganja, akili gunia. Mumewe aliitwa Kombo, baba wa binti yao Salima. Siku moja Kombo alikuta kisima kimezungushiwa miiba, akauliza kwa sauti, "Jamani, ile haki ya kunywa maji imehamia wapi?"

Kauliza tu! Jioni yake askari wa Fisi wakambeba juujuu, puru puru puru, asionekane tena.

Bi Mashavu akaenda kwenye ofisi ya Tume, iliyokuwa uani kwa Simba.

"Hodi!"

"Karibu mama, karibu. Tume ni yenu."

"Shikamoo, mwenyekiti. Namtaka mume wangu Kombo. Askari wako walimchukua."

"Marahaba. Kombo?" Fisi akakuna kidevu. "Hatuna mnyama wa jina hilo. Wanaume, mama, wana mambo mengi. Labda kaoa huko milimani."

Palepale, kutoka chini ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ikasikika sauti nyembamba: "Kwiii! Kwiii!"

Fisi akakohoa kwa nguvu ili kuifunika. Lakini mke atashindwaje kuijua sauti ya mumewe? Moyo ulimruka Bi Mashavu. Yu hai! Akatamani kumparamia Fisi yule na kumng'ata pua. Akajizuia, maana pimbi akimrukia fisi hiyo si vita, ni kitafunwa.

Akajifuta machozi. "Basi kama hamnaye, amekufa. Kesho naweka matanga. Pilau, na supu ya mifupa yenye uboho."

"Uboho?" Mate yakamdondoka Fisi, to! to! to! "Pole sana, mama. Pole kweli kweli. Saa ngapi?"

"Asubuhi. Ila mila yetu sisi pimbi ni ngumu, mwenyekiti. Sufuria hazifunuliwi mpaka maiti aonekane. Na maiti akiwa na jeraha, hata la mwiba, hakuna kula mpaka muuaji ajulikane. Sasa mimi maiti sina. Sijui kama kuna msamaria wa kunitafutia."

"Tume itakusaidia!" Fisi akadakia kabla hajafikiri.

Bi Mashavu akaaga, akazunguka nyuma, akajibanza kwenye ufa wa ukuta. Akamsikia Fisi akimsimulia Simba, na Simba akinguruma kwa furaha.

"Mpeleke! Mwambie ajifanye amekufa, na akitikisika utamtafuna. Nitahutubia, azikwe, mambo yaishe."

"Azikwe hai, mtukufu?"

"Kwani kaburi linauliza?"

Bi Mashavu alikuwa amemtafutia mumewe njia ya kutoka, na watu hawa wameshaigeuza kuwa njia ya kaburini. Hata hivyo hakurudi nyuma. Alipita nyumba kwa nyumba, akibisha na kusema, "Msiba ni wa wote. Njooni, asibaki mtu." Akaazima sufuria, akaazima na mfupa mmoja, akautia vitunguu saumu na bizari hadi nyika nzima ikanukia.

Asubuhi wakafurika: swala, kanga, kobe, nyani, hata fuko walitoka ardhini. Simba akasimama, akajifuta jicho kavu.

"Marehemu alikuwa rafiki yangu wa karibu. Serikali yangu imeumia. Jana nimeshindwa hata kula, nikamaliza paja moja tu."

"Oooh!" wakaitikia machawa wake, wale wa kumsifu tu.

Fisi akaja na jeneza, macho yote kwenye sufuria. "Tume imefanya kazi kubwa! Tumemwokota porini. Hana jeraha! Mtazameni, kisha tule."

"Mila kwanza," akasema Bi Mashavu. "Mjane hufunua uso na kuaga."

Akafunua. Kombo alikuwa amekonda, vumbi tupu, kope zikimcheza kwa woga.

"Kombo," akanong'ona. "Amka."

Kimya.

"Kombo, usipoamka watakuzika hivyohivyo."

Fisi akasogea, meno nje.

"Baba Salima, hawawezi kukutafuna mbele ya watu wote hawa."

Jicho moja likafunguka. "Wamekuja wengi?"

"Nyika nzima."

Kombo akaketi. "Hamjambo, jamani?"

Wee! Mayowe! Kanga wakapaa, nyani akamkumbatia adui yake. Fisi akaanza kurudi kinyumenyume, kidogo kidogo. Na Simba? Aibu hana, lakini ubongo wake ulikuwa mwepesi kwa mambo ya kujisifu.

"Tulieni! Ni muujiza! Mimi Simba nimemfufua!"

"Pa! pa! pa!" machawa wakapiga makofi.

Hapo ndipo Bi Mashavu alipomtaka. Alijua siku zote kwamba Simba angekubali kuitwa Mungu kuliko kuitwa mwizi wa watu. Akapiga magoti.

"Ee mtukufu! Aliyemfufua mmoja atashindwa na wengine?"

"Sishindwi na kitu!" akanguruma Simba, kifua mbele.

Kombo akakohoa vumbi. "Kweli, mtukufu. Huko ahera nimewaacha wengi. Nimemwacha kanga aliyepotea wakati wa ukame. Nimemwacha mtoto wa Mama Swala. Ahera yenyewe si mbali. Ni shimo, liko nyuma ya nyumba yako, limefunikwa jiwe."

Wanangu! Hata nzi waliokuwa wakizunguka sufuria walitua.

Mama Swala akasimama. "Mtukufu, mfufue mwanangu."

"Na mume wangu!"

"Na dada yangu! Mfufue!"

"Mfufue! Mfufue!" Nyika nzima ikainuka, vumbi likatimka. Simba akamtazama Fisi. Fisi akatazama chini. Simba akisema hawezi, ni mwongo. Akisema hataki, basi wamo humo. Akatangulia mbele, mkia katikati ya miguu, na umati nyuma yake.

Jiwe likasukumwa, kwirrrr! Wakatoka mmoja mmoja, wakikinga macho kwa jua, mbavu nje. Simba akasimama pembeni akiinua mkono juu ya kila kichwa kama anayebariki, mtu asiye na haya yule!

Mama Swala akamkuta mwanawe, akamshika uso, akamnusa nywele, akalia. Kisha akampita Simba na mkono wake ulioinuliwa, bila ahsante, bila hata shikamoo, akaenda na mwanawe nyumbani.

Hadithi yangu naitua hapa, na funzo lake ndilo hili: mwenye nguvu hakupi haki kwa sababu ni yako, hukupa watu wakimjaa mlangoni.