Udongo wa Shingoni kwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na majirani, kiangazi kilikaza, likabaki bwawa moja tu. Kiboko akalikalia, akatoa amri: kila nyumba ichote kwa mtungi wake, asiye na mtungi asisogee.

Pimbi hakuwa na mtungi. Alikuwa na kitoto mgongoni, midomo imekauka, na maishani mwake hajafinyanga hata kibakuli. Akachimba udongo wa ukingoni, akafinyanga mtungi, akauchoma. Pa! Ukapasuka. Akafinyanga wa pili. Pa!

Ndipo akakumbuka maneno ya marehemu mama yake: udongo mzuri hupindwa usipasuke. Akaviringisha kijiti cha udongo ule, akakizungushia kidole. Tap, kikakatika. Mchanga mtupu.

Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, babu. Naomba udongo wa chini ya bwawa, kidogo tu."

"Kile ni kitanda changu. Na kwa kucha hizo, ufinyanzi utauweza wapi? Nenda kalambe umande."

Kitoto kinalia, lakini Pimbi hakuondoka. Akamtazama Kiboko. Mgongoni matope yalikuwa yakipukutika kama ya ukingoni. Shingoni, je? Kiboko akigeuka, mikunjo inafunguka, inafunga, na matope yanafuata bila ufa hata mmoja.

"Sawa, babu, naenda. Ila na shingo hiyo usitoke mbele za watu. Nyati anasema siku hizi huogi, uzee umekushinda."

"Nyati? Yule mfuga kupe?" Kiboko akainama. "Kwangua. Upesi."

"Mie, babu? Kwa kucha hizi?"

"Kwangua, nimesema."

Kwaru, kwaru, kwaru. Kapu la Pimbi likajaa.

"Na mgongoni?"

"Mgongoni pazuri, babu. Paache."

Siku nne walilamba umande kweli, mama na mwana, mtungi ukikauka kivulini. Akauchoma huku amefumba macho. Kimya. Akaugonga kwa ukucha: ngiii.

Akaupeleka bwawani mchana kweupe.

"Udongo umeupata wapi?" Kiboko akanguruma. "Umeingia kitandani kwangu?"

"Sijalowesha hata ukucha. Ulinipa mwenyewe, babu, tena ukainama."

Nyati aliyekuwa foleni akacheka mpaka kupe wakamdondoka.

"Amri ni yako," Pimbi akasema. "Mtungi huu hapa. Nipishe."

Kiboko akapisha. Kitoto kikanywa, gu gu gu.

Mkubwa akikufungia mlango, mtazame vizuri kabla hujaondoka: huenda ufunguo kauvaa mwenyewe.